Kuiweka Afya kwenye Ratiba: Mwongozo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Ilikuwa Septemba, kipindi cha tatu, Hisabati, darasa la nne mkondo B. Niliandika mfano ubaoni, nikageuka kuwaeleza wanafunzi hatua ya kwanza, na sauti haikutoka. Watoto 94 walinitazama wakingoja, kisha kiranja wao, binti wa miaka kumi, akasimama akauliza taratibu, "Mwalimu, tuendelee kunakili?" Nikamjibu kwa kichwa. Wiki hiyo nzima nilifundisha kwa ishara na chaki, na wiki iliyofuata daktari wa masikio, pua na koo aliniambia kwamba nyuzi zangu za sauti zilikuwa zimevimba na zimeanza kuota vinundu, na kwamba dawa atakazonipa hazitanisaidia sana nisipobadili namna ninavyofanya kazi.

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka kumi na tisa, mwanzoni katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bahi na sasa pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba afya ni jambo la kushughulikia baada ya kengele ya mwisho, nikifika nyumbani, au likizo ikifika. Baadaye nilitambua kwamba afya ya mwalimu huliwa ndani ya saa za kazi, kipindi baada ya kipindi, na ndani ya saa hizo hizo ndimo inamopaswa kulindwa. Ninaeleza hapa jinsi ya kufanya hivyo katika mazingira yetu, yaani madarasa yaliyojaa, vumbi la kiangazi na maji ya kupimiwa.

Anza na karatasi moja

Chukua ratiba ya wiki uliyopewa na mwalimu wa taaluma, uinakili kwenye karatasi kubwa, kisha uongeze mambo yote ambayo ratiba ya shule haiyaonyeshi: mstarini, zamu, kusahihisha, vikao, masomo ya ziada ya jioni, safari ya kwenda na kurudi. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, na kuanzia darasa la tatu ni dakika 40, hivyo mwalimu mwenye vipindi sita kwa siku katika madarasa ya juu husimama na kusema kwa saa nne kabla hajahesabu jambo jingine lolote. Ukiliona hilo limeandikwa kwa mkono wako mwenyewe, utaelewa kwa nini jioni hujisikii hata kumjibu mtoto wako.

Tia alama nyekundu mahali penye vipindi vitatu au zaidi vinavyofuatana bila nafasi, kwa sababu hapo ndipo sauti, miguu na kibofu huumia. Kisha zungushia duara kila nafasi iliyo wazi, hata ikiwa ni dakika kumi tu kati ya mapumziko ya saa nne na kengele inayofuata, na kila duara ulipe kazi yake: hili la kunyamaza, hili la maji na choo, hili la madaftari ya kundi la Jumatatu. Nafasi ambayo hukuipa kazi itajazwa na mwenzako atakayekuomba umshikie darasa, nawe utakubali kwa kuwa hukuwa na jibu. Karatasi hiyo itunze, kwani utaihitaji tena mwishoni.

Sauti

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu sauti ndiyo kitendea kazi ambacho halmashauri haiwezi kukuletea kingine kikiharibika. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya nyama laini ndani ya koo. Tunaposema, mikunjo hiyo hugongana, kwa wanaume zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kwa wanawake karibu mara 200. Ukipaza sauti juu ya kelele za watoto, hugongana kwa nguvu zaidi, na ikifanya hivyo siku baada ya siku bila kupumzishwa hufanya kama kiganja cha mtu anayelima kwa jembe bila kuzoea: kwanza huvimba, kisha huota sugu.

Ipashe moto kabla ya kuitumia. Njiani kwenda shuleni, vuma wimbo wowote ukiwa umefumba mdomo kwa dakika tano hivi, kwa sauti ya kawaida, hadi usikie mtetemo kwenye midomo na pua. Njia nyingine niliyofundishwa hospitalini ni ya mrija: utumbukize mrija kwenye chupa ya maji kiasi cha vidole viwili, ushike ncha ya pili kwa midomo, kisha uvume kupitia humo ili maji yatoe mapovu, ukipandisha na kushusha sauti polepole kwa dakika tatu. Zoezi hili huziwezesha nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mimi hulifanya asubuhi kabla ya mstarini na tena baada ya kipindi cha mwisho.

Ndani ya darasa, acha kabisa kuzungumza ukiwa umeuelekea ubao. Ukiuelekea ubao, sauti yako huishia ukutani, nawe bila kujua huipaza ili wa nyuma wasikie. Andika kwanza ukiwa kimya, geuka, kisha sema. Usisimame mbele tu kana kwamba umefungwa hapo. Darasa la wanafunzi 90 lina safu ndefu, na mwalimu anayesimama katikati huwafikia wa mbele na wa nyuma kwa sauti ile ile ambayo angemtumia mtu aliyeketi naye jikoni. Ukiweza, acha njia mbili kati ya madawati ili upite.

Wafundishe watoto ishara ya kunyamaza, na uitumie zaidi wiki mbili za kwanza za muhula kuliko unavyotumia kitabu cha kiada. Kwangu ni makofi matatu na mkono mmoja juu: wakiuona mkono, nao huinua wao na kufunga midomo. Sharti lake ni moja, kwamba mwalimu asianze kusema hata neno moja kabla ukimya haujakamilika, hata kama itachukua dakika mbili nzima siku za mwanzo. Ukisema juu ya kelele mara moja tu, umewafundisha kwamba ishara haina maana. Kazi nyingine za sauti wape wao: kiongozi wa kundi asome maelekezo, mtoto mwenye sauti kubwa asome kifungu cha habari, na wengine warudie. Watajifunza kusoma, nawe utapumua.

Siku za zamu ni hatari zaidi, kwa kuwa mstarini kuna upepo na watoto mia kadhaa. Tumia kengele, wasogeze wapange nusu duara badala ya mistari mirefu, useme maneno machache, na matangazo marefu uyaache yasomwe darasani na viranja.

Baada ya vipindi vizito, nyamaza kwa dakika kumi. Kunyamaza huku ni kutosema kabisa, kwani kunong'ona hukaza koo na hakuipi sauti mapumziko. Kukohoakohoa ili kusafisha koo nako huzigonganisha nyuzi. Meza mate au kunywa funda la maji badala yake. Vumbi la chaki lina sehemu yake pia: futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, kutoka juu kwenda chini, na usiwaruhusu watoto kugonga dasta dirishani, kwa sababu anayeketi dawati la mbele hulivuta kama wewe. Ukisumbuliwa na kiungulia, kula chakula cha usiku mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala, kwani tindikali inayopanda usiku huchubua sehemu hizo hizo.

Kwa walimu wanaofunga Ramadhani, ambao kule Kondoa ni wengi, maji ya mchana hayapo, hivyo vipindi vyenye maelezo mengi waombe viwekwe asubuhi na vya baadaye viwe vya mazoezi ya kuandika.

Tangawizi na asali hutuliza koo, nami hunywa, ila haviondoi vinundu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Ukitema damu, ukipata maumivu wakati wa kumeza au ukipumua kwa shida, usingoje hizo wiki tatu.

Madaftari

Tangu michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, na tangu Serikali ilipohamia Dodoma na familia nyingi zikafuata, shule za pembezoni mwa jiji zimejaa. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja; mimi nina 94. Wako wanaodhani kwamba tofauti hiyo ni ya kelele tu. Piga hesabu: ukitumia dakika mbili kwa kila daftari, zoezi moja la somo moja ni dakika 188, yaani zaidi ya saa tatu. Nilikuwa nayabeba nyumbani kwenye mfuko wa salfeti, nimeukumbatia juu ya bodaboda, na nikiyamaliza saa sita usiku shingo ikiwa imekakamaa. Nilijiona mwalimu mwenye bidii, na asubuhi nilikuwa nikiwafokea watoto kwa sababu ya usingizi.

Utaratibu ninaoutumia sasa ni huu. Punguza maswali kutoka kumi hadi matano, lakini uyachague kwa makini: mawili yanayofanana na mfano wa ubaoni, mawili yenye mtego ambao unajua wengi huukwaa, na moja la mafumbo. Watoto wanapoanza kufanya, pita kati ya madawati na kalamu nyekundu, usahihishe swali la kwanza pale pale. Aliyekosa unamwona akiwa bado anafikiri, na kumrekebisha wakati huo huchukua sekunde chache. Maswali mawili yanayofuata wasahihishane wenyewe kwa kubadilishana madaftari na wa dawati la nyuma huku majibu yakiwa ubaoni.

Yanayobaki, pamoja na kupitia daftari zima, uyafanye kwa makundi ya siku. Nimewagawa wanafunzi wangu 94 katika makundi matano, manne ya watoto 19 na moja la 18, na kila kundi lina siku yake. Kila siku napitia madaftari 19 kwa dakika tatu tatu, ambazo ni dakika 57, na zinaenea katika kipindi kimoja kisicho na somo pamoja na nusu saa baada ya watoto kuondoka. Kila mtoto anapata jicho langu kamili mara moja kwa wiki, na maoni ninayomwandikia yana maana kuliko alama ya vema niliyokuwa nikiichora huku nasinzia.

Kabla hujaanza, mweleze mwalimu wa taaluma, na uuandike utaratibu wako kwenye shajara ya kazi, ili mdhibiti ubora wa shule akija akakuta daftari la Jumanne halijapitiwa siku ya Jumatatu, awe na cha kusoma. Kisha jiwekee mpaka: mimi saa kumi na nusu alasiri naondoka, na madaftari hubaki kabatini. Jambo hili ni zito zaidi kwa wenzangu wa madarasa ya juu, kwa kuwa mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho watamaliza pamoja, na anayefundisha yote mawili atakuwa na mazoezi na majaribio ya madarasa mawili ya mtihani kwa wakati mmoja. Ni vyema makundi ya siku yawe yamezoeleka kabla ya hapo.

Maji na choo

Walimu wanawake watanielewa haraka. Kwa miaka mingi sikunywa maji shuleni kwa makusudi, kwa sababu choo cha walimu kilikuwa mbali, kimepakana na cha wanafunzi, na mara nyingi hakukuwa na maji ya kunawa. Matokeo yake yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo yaliyokuwa yakirudi kila baada ya miezi michache. Dalili zake ni maumivu ya kuunguza wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, na yakipanda kwenye figo, homa na maumivu ya mgongo upande mmoja. Hapo nenda kapimwe upate dawa sahihi, wala usimeze vidonge vilivyobaki vya jirani.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kwisha Aprili, na miezi inayobaki kila ndoo ina hesabu yake. Kwa hiyo beba maji yako kutoka nyumbani, lita moja na nusu, uyagawe kwa kufuata ratiba: sehemu ya kwanza kabla ya kipindi cha tatu, ya pili wakati wa mapumziko, ya tatu kabla ya kuondoka. Mkojo wa manjano hafifu unaonyesha kwamba yanatosha. Ukikoza rangi, ongeza. Nenda chooni kila mapumziko hata kama hujabanwa sana, kwa kuwa baada ya kengele hutaweza kuwaacha watoto.

Kuhusu choo chenyewe, shuleni kwetu tulichangishana walimu kumi na mmoja, tukanunua kitasa, ndoo yenye bomba na sabuni, na ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu. Ilikuwa gharama ndogo kuliko tuliyokuwa tukiitumia kwa dawa.

Miguu, macho na kifua

Vaa viatu vya chini vyenye soli nene, uketi kila watoto wanapoandika, na ukisimama muda mrefu inuka kwa vidole na kushusha visigino mara ishirini, kwani misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Jioni lala chali ukiwa umeegemeza miguu ukutani kwa dakika kumi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Kiangazi kikikolea, upepo wa huku huokota vumbi la uwanja wa shule na kulileta hadi juu ya meza. Mkoa wetu, na hasa Kongwa, umejulikana kwa muda mrefu kwa ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope. Bakteria wake huenea kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye macho yenye tongotongo, na maambukizi yanayojirudia huacha makovu ndani ya kope, hadi kope zinageukia ndani na kukwangua mboni. Mwalimu wa madarasa ya chini hufuta nyuso nyingi kwa siku. Usizifute kwa kanga moja. Funga kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, karibu na mlango wa darasa, watoto wanawe wenyewe uso na mikono, nawe nawa kabla ya kujigusa macho.

Katika chumba chenye watoto 90, kikohozi husafiri. Fungua madirisha hata asubuhi za baridi za Juni na Julai, na kikohozi kikifikisha wiki mbili, chako au cha mtoto, kipimwe kifua kikuu. Vipimo na matibabu yake katika vituo vya Serikali ni bure.

Chakula, mwendo na usingizi

Hapa nitakwenda haraka. Chai ya saa nne yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na maandazi mawili hukuamsha kwa saa moja, kisha hukulaza. Karanga, kiazi kitamu cha kuchemsha, yai au juisi ya ubuyu isiyo na sukari vinapatikana kwetu kwa bei ya maandazi au zaidi kidogo. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, majani ya kunde au maziwa mgando ni chakula cha kuheshimiwa, na ninasikitika ninapoona walimu vijana wakikiona cha kimaskini. Chumvi yote ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

Mazoezi yanayoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki. Ukishuka kwenye daladala mapema ukatembea kwa haraka dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano, umezitimiza bila kutafuta uwanja wala mavazi ya michezo. Usingizi uwe wa saa saba, nao utapatikana madaftari yakibaki shuleni.

Vipimo na bima

Presha na sukari havibishi hodi. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, unahitaji daktari hata kama hujisikii vibaya. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L), nayo inahitaji kurudiwa na kufuatiliwa. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 waongeze uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambao hufanyika kwa dakika chache.

Mimi nimeiweka kazi hii kwenye likizo ya Juni, wiki ya kwanza, kabla shughuli za shamba na za ukoo hazijanimeza. Kumbuka kwamba kwa mtumishi wa umma, asilimia 6 ya mshahara huenda kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nusu ikitoka kwako na nusu kwa mwajiri, na bima hiyo inamhudumia pia mwenza wako na wategemezi hadi wanne. Unailipia kila mwezi. Si sawa kuitumia siku ya kulazwa peke yake. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ukipewa rufaa, Dodoma ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kwa wajawazito, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha baada ya kurudi kazini. Nimewaona wenzangu wakiona haya kuomba muda huo wa kunyonyesha. Uombe kwa barua.

Moyo mzito

Kuna uchovu ambao usingizi hauutoi. Mwalimu anaanza kuwachukia watoto aliowapenda, anakaa ofisini kengele ikiwa imeshalia, anatokwa na machozi bila sababu, au halali kabisa. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, inastahili mtaalamu kama inavyostahili malaria. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na jina lake limetumiwa kama tusi kwa muda mrefu hata wanaohitaji msaada wakaogopa kuonekana getini. Wapo wanaohudumiwa pale na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kumsindikiza mwenzako asiende peke yake ni msaada mkubwa kuliko maneno.

Mara nyingi, nyuma ya uchovu huo kuna deni. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, lakini mikopo kausha damu haipiti kwenye hati ya mshahara. Hupita kwenye kadi ya benki uliyomwachia mkopeshaji. Ikiwa umefika hapo, andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja, mwonyeshe mwenza wako au ndugu mmoja unayemwamini, kisha uulize kwenye benki au chama cha akiba na mikopo kama yanaweza kuunganishwa kuwa mkopo mmoja wenye riba inayojulikana. Usikope kwa mtu wa pili ili umlipe wa kwanza.

Jinsi ya kuomba

Mengi ya niliyoyaeleza unaweza kuyafanya bila ruhusa ya mtu. Vipindi vinavyofuatana, hata hivyo, haviwezi kutenganishwa bila ofisi, na hapa ndipo ile karatasi ya kwanza inapofaa. Usiende kulalamika kwamba umechoka, kwa maana ofisini hakuna asiyechoka. Nenda na karatasi, cheti cha daktari kama unacho, na pendekezo ambalo tayari umelizungumza na mwenzako. Chagua siku isiyo ya kikao wala ya mgeni kutoka wilayani.

Nilimwamkia Mwalimu Mkuu, ambaye ni mtu mzima anayekaribia kustaafu, akaitikia na kunikaribisha kiti. Nikaiweka karatasi mezani na kumwonyesha Jumanne, vipindi vitano mfululizo vyenye wekundu.

"Sasa Madam, nikikuondolea hapa, nani anaingia?" aliuliza.

"Mwalimu wa Sayansi, Mwalimu Mkuu. Tumeshazungumza. Yeye achukue cha nne Jumanne, mimi nichukue chake cha pili Alhamisi. Watoto hawapotezi kipindi hata kimoja."

Aliitazama karatasi kwa muda, akaigeuza, akauliza ni nani aliyeichora mistari vizuri namna ile. Kisha akasema, "Mpelekee mwalimu wa taaluma. Akiona inakaa, mimi sina neno."

Ilikaa. Jumanne kipindi cha nne sasa niko chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi, nina chupa, mrija na madaftari 19 ya kundi la pili. Ratiba hubadilika Januari, na tena kila mwalimu anapohamishwa au anapokwenda likizo ya uzazi, hivyo karatasi hiyo huichora upya kila ninapopewa mpya, kabla sijaandaa azimio la kazi.